Utafiti wa kansa au wa kuvu wa mimea: kwa wewe uliyekwama katikati

Kila msimu wa kuandika maandiko ya utafiti wa masta na PhD ukikaribia, napata meseji zinazofanana. Mtu kamaliza baiolojia, anapenda seli na jeni, profesa mmoja anamvuta maabara ya kansa na mwingine anamvuta kwenye magonjwa ya kuvu ya mimea, anakaa hapo katikati wiki mbili tatu, halafu mwisho anachagua kwa kuangalia jina lipi akilitaja watu wanashtuka. Hiyo inaniuma kwa kweli, maana nimewaona waliochagua hivyo wakachoka mwaka wa pili, na si kwamba hawakuwa na akili, ila kazi yenyewe ya kila siku haikuwa yao.

Mi nimekaa pande zote mbili, miaka ya mwanzo nikiwa na seli za kansa na baadaye nikahamia kwa kuvu, kwa hiyo nataka nizipime njia hizi kwa vigezo vilevile, halafu nitaje na ya tatu ambayo wengi hawaijui ingawa inakaa katikati yao kabisa.

Vigezo vyangu ni hivi: mikono yako inashika nini kila siku, unathibitishaje kwamba ulichosema ni kweli, unasubiri muda gani hadi jibu, vibali na maadili, hela na ajira, na mwisho kile unachorudi nacho moyoni jioni. Sijaweka kigezo cha "ipi inaokoa watu wengi" na niseme mapema kwa nini. Makadirio ya IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lenye makao Lyon, kwa mwaka 2022 ni karibu wagonjwa wapya milioni 20 na vifo milioni 9.7. Sasa geukia upande wa pili, ugonjwa wa bakajani ulipoingia kwenye viazi vya Ireland mwaka 1845 watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo, na wengine kama idadi hiyo wakahama nchi. (Najua Phytophthora infestans, kijidudu anayeleta bakajani, si kuvu halisi kwa ukoo, ila anasomwa kwenye maabara zilezile na watu walewale, kwa hiyo namuweka humu.) Ukianza kupima vifo na njaa kwenye mizani moja hutachagua mpaka kesho. Zote zinaokoa watu, tofauti ni njia unayopita kufika huko.

Mikono inashika nini

Kwenye kansa, kama uko maabara ya seli, maisha yako ni chupa ndogo za plastiki zenye maji ya pinki na inkubeta ya nyuzi 37 yenye hewa ukaa asilimia 5. Seli maarufu kuliko zote, HeLa, zilitoka kwa mama mmoja Mmarekani, Henrietta Lacks, mwaka 1951 na mpaka leo zinajigawa, kama kila saa 24 zinakuwa mara mbili, maana yake zinataka kulishwa na kupunguzwa hata Jumapili. Ukipanda juu kidogo unakutana na panya, na ukipanda zaidi unakutana na vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa ambavyo havirudiwi, ukiviharibu ndo basi. Kila kitu kinafanyika ndani ya kabati la hewa safi, mikono imepakwa spiriti, na adui yako mkubwa ni ukungu. Mi nilishapoteza chupa zote za kazi ya wiki tatu kwa sababu ya spora moja, yaani mbegu ndogo sana ya kuvu, iliyoingia sijui saa ngapi, asubuhi nafungua inkubeta nakuta nyuzi nyeupe zinaelea kama pamba. Nilikaa chini pale sakafuni.

Upande wa kuvu wa mimea ukungu huohuo ndo unaulea. Unakata kipande cha jani lenye ugonjwa, unakisafisha kwa klorini, unakiweka kwenye kisahani cha agari ya viazi (jeli ya kumlishia kuvu), na baada ya siku chache kuvu anatambaa. Unakusanya spora, unazihesabu kwenye hadubini, unazipulizia kwenye majani ya mmea mzima. Halafu kuna kitalu nyumba na kuna shamba, na shambani kuna tope, jua, nyuki na kutembea mistari mia mbili ukipima kila mmea umeugua asilimia ngapi. Watu hudhani kuvu wote wanaota kwenye kisahani, si kweli, wale wanaoleta ugonjwa wa kutu wanaishi kwenye mmea hai tu kwa hiyo ukifanya kazi na kutu ya ngano lazima uwe mkulima wa ngano kwanza ndo uwe mtafiti.

Na kama wewe ni mtu wa kompyuta, pande zote mbili zina nafasi yako. Kwenye kansa kuna TCGA, hazina ya data za jeni za kansa iliyoanza 2006, sampuli zaidi ya 20,000 za aina 33 za kansa, nyingi unazisoma ukiwa na intaneti na laptopu yenye nguvu ya wastani. Kwenye mimea mfano ninaoupenda ni wa Bangladesh 2016, ngano ilishambuliwa na blasti, ugonjwa wa kuvu ambao hapo kabla ilijulikana Amerika Kusini tu, watafiti wakasoma jeni za kuvu moja kwa moja kutoka majani yaliyougua, wakaziweka wazi mtandaoni, na wataalamu wa nchi mbalimbali wakazichambua kwa pamoja mpaka ikajulikana chimbuko la kuvu yule ni Amerika Kusini.

Unathibitishaje

Hapa ndo tofauti kubwa ilipo na nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wanaongelea hela na ajira halafu hiki wanakiruka, na hiki ndo kitaamua kama utalala vizuri.

Kwenye mimea unaweza kufanya jaribio kamili. Anton de Bary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alipotaka kujua kama yule kijidudu wa viazi ndo chanzo cha ugonjwa au ni mgeni tu anayekuja jani likishaoza, alichukua viazi vizima, vingine akavipa spora vingine akaviacha, akakaa kuangalia. Vilivyopewa spora vikaugua, vilivyoachwa vikabaki vizima. Hiyo ilitoka 1861 na mantiki yake mpaka leo ni ileile, unamtenga kuvu, unampanda kwenye mmea mzima, ugonjwa unatokea, unamtoa tena kuvu yuleyule. Mimea elfu moja ikifa unaichoma moto na hakuna anayekuuliza.

Kwenye kansa huwezi kumpa mtu kansa ili uone, na wala haifikiriki. Kwa hiyo unathibitisha kwa kuzunguka. Watafiti Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walipotaka kujua kuhusu sigara na kansa ya mapafu, 1950 walitoa ulinganisho wa wagonjwa na wasio wagonjwa, halafu 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza zaidi ya 40,000, nani anavuta nani havuti, nani anakufa kwa nini, na ufuatiliaji ule ukaenda miaka 50. Hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni seli na panya, ila hapo kila mara unabaki na swali: hiki nilichokiona kwenye chupa kipo kwa binadamu kweli? Dawa nyingi zinaua seli za kansa kwenye chupa vizuri sana halafu kwa mgonjwa hakuna kitu, au zinamdhuru kabla hazijamsaidia. Na kuna mtego mwingine, mwaka 1966 mtafiti wa jeni Stanley Gartler alionyesha kwamba seli nyingi ambazo watu walidhani ni za aina tofauti tofauti zilikuwa HeLa zilizovamia chupa za jirani! Miaka ya kazi ya watu. Kwa hiyo ukiingia kansa, kitu cha kwanza pima seli zako ni za nani, usiamini maandishi ya kwenye chupa.

Lakini mimea nayo isikudanganye kuwa rahisi. Jibu la kitalu nyumba shambani linaweza kugeuka kabisa, mvua, joto, udongo, kuvu wa aina nyingine wanaopigania jani lilelile. Umethibitisha, ndiyo, ila kwa hali ile uliyoitengeneza.

Unasubiri muda gani

Jaribio moja la seli ni siku mbili tatu mpaka wiki. La panya ni miezi. Majaribio ya dawa kwa watu, hatua ya kwanza mpaka ya tatu, ni miaka na mara nyingi wewe uliyeanza hutakuwepo mwishoni. Mfano, kromosomu ya Philadelphia, yaani kromosomu yenye kasoro ya kansa ya damu aina ya CML, ilionekana 1960 na dawa yake, imatinib, ilikubaliwa 2001. Miaka 41. Harald zur Hausen na wenzake walimpata kirusi HPV 16 kwenye kansa ya shingo ya kizazi mwaka 1983, chanjo ikaja 2006. Lakini angalia zilivyokuja, imatinib iliwageuzia watu ugonjwa uliokuwa unawaua ukawa ugonjwa wa kuishi nao kwa vidonge.

Upande wa kuvu, ukipulizia spora za blasti kwenye miche ya mpunga, kama wiki moja tu unaona mabaka. Raha sana kwa mtu asiye na subira. Ila ukitoka kwenye kitalu nyumba unakuwa mtumwa wa msimu, ukichelewa kupanda umesubiri mpaka msimu ujao, na kuna kitu kinachouma ambacho hakuna anayekuambia mapema: mwaka ambao ugonjwa haukutokea. Nilishawahi kupanda shamba zima la majaribio, ukame ukapiga, kuvu hakuonekana, mimea yote mizima ya kupendeza na mimi sina hata namba moja ya kuandika. Kuzalisha mbegu yenye kinga nako ni kama miaka kumi hivi, na kuvu hakusubiri, ile kutu ya shina ya Ug99 iliyoonekana Uganda 1998 ilivunja kinga ya jeni Sr31 ambayo ilikuwa imepandwa kwenye ngano za sehemu nyingi za dunia.

Vibali na maadili

Kansa: kamati ya maadili, fomu za ridhaa, kulinda majina ya wagonjwa, kibali cha panya. Inaweza kukula miezi kabla hujagusa sampuli, na ni haki iwe hivyo, mama Lacks hakuulizwa seli zake zilipochukuliwa na familia yake iliishi miaka bila kujua. Mtu anayelalamikia fomu za ridhaa namkumbusha hilo.

Kuvu: fomu ni chache ila mpaka ni mkali. Huruhusiwi kubeba kuvu hai kutoka nchi moja kwenda nyingine bila vibali vya karantini, na sababu zipo, yule kuvu wa miti ya chestnut aliyeonekana New York mwaka 1904 alikuja na miti ya kutoka Asia na akaua miti mabilioni Marekani. Kwa hiyo kama mradi wako unataka kulinganisha kuvu wa mabara matatu, jiandae kubadilishana DNA badala ya vijidudu vyenyewe.

Hela na ajira

Nitapita haraka maana hii inategemea sana uko wapi. Kansa ina wafadhili wengi na ina foleni ndefu ya wanaowaomba, vifaa na kemikali ni ghali, na ajira ziko hospitali, vyuo, viwanda vya dawa, kampuni za vipimo. Kuvu wa mimea wafadhili ni wachache, watafiti pia ni wachache, kazi ya msingi unaweza kuianza na hadubini, visahani na jiko la shinikizo la kuchemshia, na ajira ziko kwenye vituo vya utafiti wa kilimo, kampuni za mbegu na viuatilifu, ukaguzi wa mimea mipakani. Mtu akikuambia upande mmoja hauna kazi kabisa muulize ametafuta wapi.

Unarudi na nini moyoni

Kwenye kansa kila kichupa kina mtu nyuma yake. Hata kama hukutani na wagonjwa, unaona umri kwenye karatasi, unaona "miaka 6", na siku hiyo kazi inakuwa nzito. Wengine hiyo ndo inawapa nguvu ya kuendelea, wengine inawamaliza polepole bila wenyewe kujua. Kwenye mimea uzito unakuja kwa sura nyingine, unasimama shambani kwa mtu ambaye mazao yake yamekwisha na anakuangalia wewe, na wewe unajua jibu lako litachukua miaka. Sijaona ipi ni nyepesi.

Zinapokutana

Sasa njia ya tatu. Wengi wanadhani hizi ni dunia mbili tofauti, sivyo. Nobel ya 2001 ya kuelewa jinsi seli inavyojigawa, jambo ambalo ni moyo wa kansa, ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Leland Hartwell kwenye hamira na Paul Nurse kwenye hamira ya aina nyingine, na hamira ni kuvu. Yule kuvu wa fugwe la mahindi, Ustilago maydis, anayeota vivimbe vya kijivu kwenye gunzi, ana jeni ya kurekebisha DNA inayofanana na BRCA2, ileile ambayo ikiharibika kwa binadamu inaongeza hatari ya kansa ya matiti na ovari, na watafiti wamemtumia yeye kuielewa. Hata dawa zinafanana, benomyl ya kuua kuvu inashika tubulini, protini ambayo dawa za kansa vincristine na paclitaxel zinaishika pia ndani ya seli ya kansa. Na usugu unakuja kwa mtindo uleule: badiliko dogo moja mahali dawa inaposhika, waliobaki hai wanazaana, dawa imekufa. Mtu aliyesoma usugu wa kuvu akiingia kwenye usugu wa kansa hahisi mgeni.

Ila daraja lenyewe hasa ni sumukuvu, yaani sumu zinazotolewa na kuvu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, ikagundulika chakula chao cha mashudu ya karanga kilikuwa na sumu ya kuvu Aspergillus flavus, ndo tukaijua aflatoksini. IARC wameiweka kundi la 1, yaani inajulikana kwa hakika inasababisha kansa kwa binadamu, na ni kansa ya ini. Mwaka 1991 ikaonyeshwa kwamba inaacha alama yake kwenye jeni TP53, jeni inayozuia kansa, badiliko mahali pamoja panapoitwa kodoni ya 249, kama mtu aliyeacha alama ya kidole mlangoni. Mtu mwenye homa ya ini B akila sumu hii hatari haijumlishwi, inazidishwa.

Kwa vigezo vyetu: mikono inashika nafaka, visahani na damu au mkojo wa watu kupima sumu iliyoingia mwilini. Uthibitisho ni mchanganyiko, kwa mmea na kuvu unafanya jaribio kamili, kwa binadamu unafuatilia tu. Muda unategemea, kupunguza sumu kwa kukausha vizuri, kuchambua punje mbovu au kumwaga shambani kuvu asiyetoa sumu ili ampokonye nafasi mwenye sumu unakuona ndani ya msimu, kupungua kwa kansa ya ini unasubiri miaka mingi. Vibali unavitaka vya pande zote mbili, hapo uwe na moyo. Hela inapatikana kwa wafadhili wa afya na wa kilimo, ila wa afya anaweza kukuambia hii ni kilimo na wa kilimo akakuambia hii ni afya, kwa hiyo andiko lako liseme wazi toka ukurasa wa kwanza uko upande gani. Na moyoni unarudi na vyote, shamba na mgonjwa.

Sasa wewe uko wapi

Kama unataka jaribio safi ambalo unaweza kulirudia mara kumi na kusema "huyu ndo chanzo" bila kigugumizi, na tope halikusumbui, kuvu wa mimea watakufaa. Hasa kama bajeti yenu ni ndogo na kuna shamba karibu.

Kama unavumilia kutokuwa na uhakika kwa miaka, unapenda usafi wa kupitiliza kazini, na hadithi ya mgonjwa inakusukuma badala ya kukuvunja, nenda kansa. Kama umefiwa karibuni na mtu kwa kansa na ndo sababu unaitaka, usiache, ila subiri kidogo kabla ya kusaini miaka minne, ongea na mtu aliyefanya hivyo.

Kama una laptopu na huna maabara, anza upande wenye data ya wazi inayojibu swali lako, kwa sasa kansa ina nyingi zaidi, kuvu wana maswali mengi ambayo hayajaguswa.

Kama una familia na huwezi kwenda maabara Jumapili, uliza mapema nani analisha seli wikendi. Kama huwezi kusafiri mashambani wiki nzima, uliza upande wa pili swali hilohilo.

Kama chuo chako kina idara ya kilimo na ya tiba kwenye uwanja mmoja na wakuu wao wanaongea, angalia sumukuvu kabla ya kingine chochote, nafasi kama hiyo haipatikani kila mahali. Kama hawaongei usijaribu kuwapatanisha kwa andiko lako la masta, chukua upande mmoja.

Na kama bado umekwama, omba wiki mbili kila maabara, si kuangalia tu, fanya kazi chafu, osha vyombo, hesabu spora, lisha seli. Halafu muombe mwanafunzi wa mwaka wa pili akuonyeshe daftari lake la maabara, usome kurasa za majaribio yaliyoshindikana, ujiulize zipi ungekuwa tayari kuziandika wewe.